Kilo Hamsini na Moja, Mabingwa Wawili

Vijana wa ofisi ya vipimo waliniomba niwaandikie kitu kabla sijarudisha funguo za kabati. Nadhani walitarajia habari za vyeo, nilipandishwa lini kutoka wapi hadi wapi. Vyeo viko kwenye faili, mwende mkasome. Mimi nitaandika juu ya siku yangu ya kwanza na mtu aliyenifundisha kazi, halafu nitaandika juu ya ndondi. Katika miaka yote niliyokagua mizani Kajiado hii, hakuna mwenye bucha wala mwenye machimbo ya mawe aliyeniudhi kama watu wa ndondi walivyoniudhi.

Siku ya kwanza nilipelekwa Kiserian na mkaguzi mkuu, Bwana Mutiso, mwanamume mrefu mwenye koti la kaki na maneno machache. Nyuma ya pikapu kulikuwa na vyuma vyetu vya kupimia, vile vizito vya kilo ishirini, na mbele, juu ya mapaja yangu, sanduku la mbao lenye vile vidogo. Nikafungua sanduku nikashika kimoja. Akanipiga kofi la mkono kama mtoto. "Jasho lina uzito," akasema, akanipa kitambaa.

Tuliingia kwenye bucha. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi, macho makali, nikaona kipande cha mafuta ya ng'ombe kimebandikwa chini ya sahani ya mizani. Nikamwambia mwenye bucha yeye ni mwizi, kwa sauti, mbele ya wateja. Alikuwa na kisu mkononi na akakiinua. Bwana Mutiso hakusema kitu. Alichukua chuma cha kilo moja, akakiweka kwenye sahani, akazungusha mizani ili uso wake uwaangalie wateja. Mshale ukaonyesha kilo moja na zaidi. Watu wakatazama mshale, kisha wakamtazama mwenye bucha. Yule mtu aliweka kisu chini akabandua mafuta mwenyewe.

Tulipotoka nje aliniambia, "Usimwambie mtu ni mwizi. Weka chuma chako, geuza mizani iwaangalie watu, halafu nyamaza."

Nikamuuliza kwa nini kila mwaka tunabeba vyuma hivi vyote kwenda Nairobi kulinganishwa na vingine. Si chuma ni chuma? Akasema, "Kilo ni moja. Siku Kiserian itakuwa na kilo yake na Kitengela iwe na yake, hapa hakutakuwa na soko. Kutakuwa na vita."

Nilifanya kazi na Bwana Mutiso mpaka akastaafu. Alinifundisha kusawazisha mizani kwa pimamaji na vipande vya kadibodi, kwa sababu sakafu za Kajiado nyingi zilimwagwa na mtu mwenye haraka. Alinifundisha kwamba kwenye machimbo ya mawe ukague mizani ya malori asubuhi kabla vumbi halijajaa chini yake, na kwamba ukikaribishwa chai na mtu unayemkagua, unywe baada ya kupiga muhuri, si kabla. Sikuwahi kujua kama ana watoto. Nilijua kila kitu kuhusu mizani.

Sasa ndondi.

Asubuhi moja, Bwana Mutiso akiwa ameshaenda zake, kocha mmoja aliingia ofisini Kitengela akiwa na mizani ya bafuni ndani ya kiondo cha mke wake. Aliitwa Wafula. Mchana alikuwa fundi wa magari na jioni alifundisha ndondi kwenye ukumbi mdogo nyuma ya gereji. Alikuwa mfupi, na masikio yake yalikuwa yamevimba kwa ngumi za zamani.

"Madam," akasema, "hii kitu inaniletea kesi kila Jumamosi."

Alieleza kwamba siku hizi alikuwa na wasichana. Mashindano yakifika, mizani yake inasema msichana ana kilo hamsini na moja, ya kocha mwingine inasema hamsini na tatu, na watu wanataka kupigana kabla ya ndondi kuanza. Tena waliokuwa wakipima ni wanaume, na bondia hupimwa akiwa amevua karibu kila kitu.

"Nahitaji mwanamke," akasema, "na nahitaji mizani yenye haijui kudanganya."

Mkubwa wangu alicheka, akasema nikienda siku isiyo ya kazi na kwa hiari yangu, yeye hana neno. Jumamosi nikaenda. Walinipa stoo ya shule, katikati ya magunia ya mahindi na madebe ya rangi. Niliweka mizani ya jukwaa, nikaisawazisha, nikawaita makocha wote waingie. Mbele yao nikapanga vyuma vyangu: viwili vya ishirini, kimoja cha kumi, kimoja cha kilo moja. Mshale ukasimama kwenye hamsini na moja. Nikauliza, "Kuna mwenye swali?" Hakuna aliyekuwa nalo. Nikawafukuza wanaume wote, nikatundika shuka dirishani, tukaanza.

Kuanzia siku hiyo nikawa Mama Mizani. Nilipima wasichana miaka mingi na nilijifunza mambo ambayo chuoni hayakuwepo. Rasta za kichwani zina uzito. Msichana mmoja alizidi gramu mia mbili, akakaa chini akazifumua zote, akapanda tena akapita. Aliyejinyima maji humjui kwa mizani. Unamjua kwa midomo, na kwa ngozi ya nyuma ya mkono: ukiifinya inabaki imesimama kama hema. Wa namna hiyo nilimwambia kocha wake polepole, na kwa kawaida kocha alikubali kumrudisha nyumbani.

Kati ya wale wa kwanza kabisa walikuwa Njeri na Naserian.

Njeri alikuwa wa Kitengela, watu wao walitoka Nyeri wakanunua ploti hapa kabla haijawa mji. Mama yake aliuza mboga na hakutaka ndondi, lakini alikuja kila pambano na kukaa mstari wa nyuma akiwa amefunika macho kwa leso. Naserian alikuwa wa Kisaju. Baba yake alikuwa mfugaji, na yeye mwenyewe aliuza maziwa sokoni asubuhi kabla ya mazoezi. Njeri alikuwa na maneno mengi na mkono wa kushoto mwepesi. Naserian hakusema sana. Akipigwa alitabasamu, na lile tabasamu lilikuwa linatisha kuliko ngumi.

Walikutana ulingoni mara moja, wote wakiwa wanafunzi bado. Raundi tatu. Nimeona ndondi nyingi tangu siku ile na sijaona tena kitu kama hicho. Hakuna aliyerudi nyuma. Majaji wawili walimpa Njeri, mmoja akampa Naserian, na ukumbi mzima ukagawanyika namna hiyo hiyo. Naserian alimkumbatia mwenzake, na nikiwa karibu na kamba nikamsikia anasema, "Turudie."

"Hata saa hii," Njeri akajibu, akihema.

Hawakurudia, na mambo yalikuwa hivi.

Wakubwa wa chama cha ndondi waligombana. Sitasema waligombania nini kwa sababu kila mmoja ana hadithi yake na zote ni ndefu. Nusu yao walitoka mkutanoni wakaanzisha chama kingine, na chama kingine hakiwezi kuwa chama bila mikanda. Wakatengeneza mikanda. Kocha Wafula alibaki na chama cha zamani, kwa hivyo Njeri akabaki huko. Kocha wa Naserian alienda na chama kipya. Kabla mwaka haujaisha, Njeri alishinda mkanda wa chama cha zamani, akatangazwa bingwa wa uzani wa kilo hamsini na moja. Wiki chache baadaye Naserian alishinda mkanda wa chama kipya, akatangazwa bingwa wa uzani wa kilo hamsini na moja.

Wote wawili nilikuwa nimewapima mimi. Vyama vyote viwili viliniita, kwa kuwa hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye mizani iliyopigwa muhuri. Fomu zote mbili zina sahihi yangu. Kutoka nyumbani kwa bingwa mmoja hadi kwa bingwa wa pili ni barabara moja, ya Namanga, na unafika kabla chai kwenye thermos haijapoa.

Mwanzoni sikuona ubaya. Nitakuwa mkweli, nilifurahi. Nilidhani ni jambo la miezi michache, wataitana, watapigana, atabaki mmoja. Ningekuwa nimemwona mwenye duka Kitengela anauza kwa kilo yake na mwenzake Kisaju kwa ya kwake, ningefunga maduka yote mawili siku hiyo hiyo. Kwa ndondi nilipiga makofi.

Wapo wanaotetea mambo haya na si wajinga wote. Kocha Wafula mwenyewe aliitetea hoja hiyo mbele yangu tukiwa gerejini, amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mama, msichana mwenye mkanda anaangaliwa," akasema. "Polisi wanaajiri, jeshi linaajiri, magereza. Mikanda ikiwa miwili, wasichana wawili wamepata kazi. Ikiwa minne, wanne. Wewe unataka mmoja ale na wengine walale njaa?"

Nilifikiria jambo hilo mpaka nikafika nyumbani Nkoroi. Jibu langu ni hili, na nililimwambia siku iliyofuata: mpe kazi wa kwanza, wa pili na wa tatu, wote wanajua kupigana. Lakini usimwambie wa pili kwamba yeye ni wa kwanza ili usipate shida ya kuwapambanisha. Anajua. Anakuja mazoezini kila siku akijua.

"Hiyo ni maneno ya mtu mwenye pensheni," akaniambia kutoka chini ya gari. Na labda ni kweli.

Mwaka wa pili wa ubingwa wao, wasichana hao wawili walinijia ofisini pamoja, saa ya chakula cha mchana. Nilishangaa kuwaona kwenye benchi moja. Kumbe walikuwa marafiki siku nyingi, walikuwa wanakimbia pamoja Jumapili asubuhi upande wa Kisaju ambako hakuna wa kuwaona.

Njeri ndiye aliyeanza. "Mama, sisi tunataka tupigane."

"Si mpigane."

"Wanakataa. Mimi nimeambiwa nikipigana na mtu wa chama kingine nanyang'anywa mkanda. Yeye pia ameambiwa hivyo."

"Na mkinyang'anywa?"

Naserian akainua macho. Yeye huniita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. "Yeyo, niko na mkanda kwa nyumba, mama ameutundika kwa ukuta. Wageni wakikuja wanauliza, huyu ndiye bingwa? Mama anasema ndiyo. Mimi natoka nje." Akamgeukia Njeri. "Wanyang'anye. Lakini bila chama hakuna refa, hakuna daktari, hakuna majaji. Tutapigana kama walevi?"

"Wewe unajuana na wakubwa wa pande zote," Njeri akasema. "Si uongee nao?"

Nikaongea nao. Nilimwita mwenyekiti wa chama cha zamani na mwenyekiti wa chama kipya kwenye hoteli moja Kitengela, mchana, nikalipa chai mimi. Hawa wawili walikuwa wamesimamiana arusi. Walikaa kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Nikawaeleza. Pambano moja, refa kutoka nje ya kaunti, majaji watatu ambao hawajui upande wowote. Atakayeshinda ni bingwa. Atakayeshindwa ni wa pili, na apewe nafasi ya kurudia.

Wa chama cha zamani akasema, "Na bango litaandikwa jina la chama gani juu?"

Nilidhani ni mzaha.

Wa chama kipya akasema, "Mkanda wetu hauwezi kuwekwa ulingoni na watu wasiotambuliwa."

"Nani asiyetambuliwa?" mwenzake akauliza, na wakaanza. Walibishana mpaka mandazi yakakauka. Hakuna hata mmoja aliyetaja jina la Njeri wala la Naserian. Nilikumbuka Bwana Mutiso, nikafungua mkoba, nikatoa nakala za fomu mbili, nikaziweka mezani zikiwaangalia wao. Uzani ule ule, cheo kile kile, sahihi ile ile. Nikanyamaza.

Walizitazama. Mwenye bucha wa Kiserian alikuwa na aibu. Hawa walicheka, na kwa mara ya kwanza mchana ule walicheka pamoja.

"Mama Mizani," yule wa chama kipya akasema, "kazi yako ni kilo. Ubingwa tuachie sisi. Mabingwa wawili ni furaha mara mbili, watu wa Kitengela wana wao na watu wa Kisaju wana wao. Unataka tuharibu?"

Niliondoka kabla sijamaliza chai yangu. Mimi si mtu wa kukimbia watu. Nimewahi kufungia mizani ya malori mbele ya madereva thelathini.

Nafasi ilipofungwa pale, ikafunguka mahali pabaya zaidi. Lilitokea shirika la tatu, la mtu mmoja na simu mbili, likasema lina mkanda wa Afrika Mashariki wa kilo arobaini na nane, na mkanda huo uko wazi, hauna mtu. Mikanda ikiwa mingi namna hii, daima kuna mmoja usio na mwenyewe, na ni rahisi kuuokota kuliko kumkabili anayekufanya usilale. Kocha wa Naserian alimwambia, "Ukiwa na mkanda wa Afrika Mashariki, chama cha Njeri hakitaweza kukukataa. Watakuja wenyewe." Naserian aliamini. Angeamini chochote kilichoishia kwa jina la Njeri.

Alikuwa msichana wa kilo hamsini na moja kamili, hana mafuta ya kupunguza. Kilo tatu zake zilikuwa misuli na maji. Walimpa siku kumi.

Upimaji ulikuwa Kajiado, asubuhi ya siku ya pambano, kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha ukumbi mmoja. Shirika lile la tatu liliniita kwa sababu ile ile. Nilisawazisha mizani, nikaweka vyuma vyangu, wakaona. Naserian akaingia. Sikumtambua mara moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na midomo ilikuwa imepasuka na kuwa myeupe kandoni. Alipanda kwenye mizani bila kunisalimia.

Mshale ulisimama chini kidogo ya arobaini na nane.

Nikamshika mkono, nikafinya ngozi. Ilibaki imesimama.

"Umekojoa lini?" nikamuuliza.

"Yeyo, andika tu."

"Nimekuuliza."

"Jana. Asubuhi." Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Andika tafadhali. Hii ikiisha watanipea Njeri."

Vijana, nisomeni vizuri hapa. Mizani ilikuwa sahihi, na sikuwahi kukataa kuandika namba sahihi maisha yangu yote. Siku hiyo nilikataa. Niliweka kalamu mkobani, nikatoka nje kwa yule mtu mwenye simu mbili, nikamwambia huyu msichana hapigani, anahitaji maji na daktari.

"Amepita uzani ama hajapita?" akauliza.

"Amepita."

"Basi sahihi."

"Sitatia."

Hakukasirika hata kidogo. Alimtuma mtu kwenye gari, akarudi na mizani ya bafuni, ya rangi ya waridi. Wakamsimamisha Naserian juu yake kwenye korido. Mwanamke aliyekuwa akiuza tiketi akatia sahihi. Kazi yangu ilinipa mamlaka ya kuchukua mizani yoyote isiyo na muhuri sokoni, kuibeba na kumpeleka mwenyewe kortini. Nilisimama pale nikakumbuka kwamba sheria yangu ni ya biashara. Inamlinda anayenunua nusu kilo ya nyama ya mbuzi. Mwili wa msichana aliye juu ya mizani haumo.

Daktari alifika mchana. Kufikia saa hiyo Naserian alikuwa ameshakunywa maji, amekula wali, presha yake ilisoma vizuri, akapitishwa. Simlaumu daktari, hakuona nilichokiona asubuhi. Nilijaribu kumweleza mlangoni. Kocha wa Naserian akaniingilia kati, akasema mimi niko upande wa Njeri, Mkikuyu na Mkikuyu wake. Watu wakageuka kunitazama. Nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ni langu, silisukumi kwa mtu mwingine.

Ningeweza kwenda nyumbani. Nilibaki. Mpinzani wake alikuwa msichana wa nje ya kaunti, mwembamba kiasili, mwenye mapambano matatu tu kabla ya hilo. Siku ya kawaida Naserian angemmaliza mapema. Raundi ya kwanza alishinda. Ya pili mikono ilianza kushuka. Ya tatu alipigwa ngumi ya kawaida ya tumboni, ngumi ambayo mazoezini hupokea mia, akaketi chini. Hakuanguka. Aliketi, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka, kisha akalala ubavu.

Wakati anapelekwa hospitali, nyuma yangu yule mtu mwenye simu mbili alikuwa akimfunga yule msichana mwingine mkanda kiunoni na mpiga picha akiwaambia wasogee. Afrika Mashariki ilikuwa imepata bingwa.

Figo zilikuwa zimeumia. Alilazwa wiki nyingi. Alipona kiasi cha kuishi na kufanya kazi, lakini daktari alimwambia asiingie ulingoni tena kamwe, na safari hii kila mtu alimsikiliza daktari. Mwenyekiti wa chama kipya alituma kadi. Ubingwa wake ulitangazwa kuwa wazi, na mwezi uliofuata ulijazwa na mtu mwingine.

Njeri alikaa naye hospitalini kila siku ya kutembelea wagonjwa. Baadaye alitakiwa kutetea mkanda wake hapo Kitengela, dhidi ya msichana ambaye hata mimi niliona hamfikii. Alishinda raundi ya pili. Wakamletea kipaza sauti, na mtangazaji akamwita bingwa asiyepingika. Njeri akachukua kile kipaza sauti.

"Msiniite hivyo," akasema. Ukumbi ulikuwa na kelele, akarudia. "Msiniite hivyo. Kuna mtu Kisaju nilimshinda kwa jaji mmoja, akaniomba turudie. Hamkutuacha. Sasa hawezi. Nyinyi mliokaa hapo mbele mnajijua."

Mama yake alikuwa ameondoa leso machoni. Nilimtazama kwa sababu sikuweza kuwatazama wale wa mbele. Mmoja wao alikuwa akiangalia simu.

Njeri alipigana mara mbili tu baada ya hapo, kisha akaacha. Walisema ana kiburi. Hata kazi ile ya polisi ambayo Kocha Wafula aliitaja, hakuiomba. Sasa ana duka la vipuri vya pikipiki, na ukimuuliza habari za ndondi anakuuliza unataka kununua nini.

Mimi niliacha kupima mabondia. Waliendelea kupiga simu. Nilimjibu kila mmoja kwa swali moja: uzani huu una mabingwa wangapi nchini sasa hivi? Wengine walikata simu. Mmoja alihesabu kwa uaminifu, nikamsikia anahesabu, akafika wanne. Nikamwambia akipata mmoja anipigie. Nanyi mtapigiwa, kwa sababu muhuri wenu unaaminika na wao wanataka kuuazima. Ulizeni swali hilo kabla hamjapakia mizani kwenye gari. Na mkishafika, mkaona ngozi imesimama, msifanye nilivyofanya mlangoni kwa daktari. Pigeni kelele. Bwana Mutiso alinifundisha kunyamaza na kwa nyama alikuwa sahihi.

Wiki niliyostaafu nilienda Kisaju kumwona Naserian. Ana kibanda cha maziwa karibu na barabara, ana mtoto wa kike anayetembea. Mkanda haupo tena ukutani. Aliniambia mama yake aliutoa siku aliyorudi kutoka hospitali, na hawakuwahi kuulizana uko wapi. Nilimsalimia kwa Kimaasai changu kibovu, akacheka, akanipa kikombe. Tukazungumza juu ya mvua na bei ya nyasi. Alikuwa akimimina maziwa kwenye chupa ya mteja aliponiuliza, bila kuinua kichwa.

"Yeyo, ningemshinda?"

Mteja alichukua chupa yake akaenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka mingi na nilikuwa na uongo mzuri tayari. Njeri pia alikuwa ameniuliza swali lilo hilo dukani kwake, na huko uongo huo ulikataa kutoka.

"Sijui," nikamwambia.

"Hata wewe? Wewe ulituona wote."

"Hata mimi. Hata yeye hajui."

Aliweka kile kipimo cha maziwa juu ya meza, akashika kingo za meza kwa mikono miwili, akatazama barabara upande wa Kitengela. Nilidhani atalia. Alikuwa amekasirika, amekasirika sana, na uso wake ulikuwa ule wa raundi ya tatu na Njeri, bila tabasamu.

"Hiyo ya kujua ndiyo walichukua," akasema. "Figo watu huniuliza kila siku. Hiyo hakuna mtu huniuliza."

Nikazunguka meza, nikasimama karibu naye mpaka mteja mwingine akaja.